Mume wangu wakala anahesabu noti mpaka wateja wanaondoka: je, tiba itatumaliza?

Swali

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 36, ni wakala wa miamala ya simu hapa Nkuhungu, Dodoma. Huu mwaka wa tatu, akipokea hela anazihesabu mara nane, mara kumi, mteja kasimama tu. Akishatuma anampigia mteja kuuliza kama kweli namba ilikuwa ile. Usiku anarudi na bodaboda kuangalia kufuli la kibanda, wiki haipiti bila safari tatu, kwenda na kurudi 4,000. Nyumbani ananawa mpaka mikono imepasuka, anasema noti zina uchafu wa watu. Madumu matano ya ziada kila siku, na maji tunanunua, dumu 500. Sabuni nayo kama 15,000 kwa mwezi. Kamisheni ilikuwa inafika 450,000, sasa hata 250,000 ni bahati. Mimi ni mama lishe. Nafunga saa nane mchana badala ya saa kumi ili niende nikamhesabie, maana bila mimi hafungi kibanda, na hapo napoteza kama 5,000 ya faida kwa siku. Tumekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kujaza floti, yaani hela ya kuendeshea miamala. Wakwe wameshampeleka kwa mganga, laki nne na mbuzi mmoja, na sasa ametakiwa mbuzi wa pili. Muuguzi mmoja ameniambia hiyo ni OCD, nimpeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Ndugu wanasema hospitali itatumaliza, na jina la Mirembe litafukuza hata wateja waliobaki. Ni ugonjwa gani huu? Na tiba yake inalipa, au ni hela nyingine ya kutupa?

Jibu

Marahaba, Mama Neema (nakuita hivyo ili jina lako libaki kwako).

Kwanza hiyo OCD. Nchini kwetu ukimwambia mtu "mume wangu ana OCD" atafikiri ana kesi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ambaye naye huitwa OCD. Nimewahi kuona mzee akisimama kutoka kwenye benchi la kliniki kwa hofu, akidhani mwanawe ameitiwa polisi. Kwa Kiswahili cha kawaida, ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya shurti. Wazo linaingia bila kualikwa: nimetuma kwa namba isiyo yake, kufuli halijashika, mkono una uchafu utakaowadhuru watoto. Linakuja na hofu nzito. Kisha mtu anafanya kitendo cha kuituliza hofu: anahesabu, anarudi, ananawa. Hofu inashuka kwa dakika chache, halafu inarudi na deni lake. Ni kama kukuna upele. Kila ukikuna unapata raha, na kila ukikuna unauchokonoa.

Zingatia hapo penye raha. Ubongo unajifunza kwamba nafuu imetokana na kuhesabu, kwa hiyo kesho utadai uhesabu tena, na safari hii mara tano hazitatosha, utataka nane. Mume wako hajachanganyikiwa. Ukimuuliza akiwa ametulia, atakwambia mwenyewe kwamba noti ni zile zile na kufuli alilifunga. Anajua, na ndiyo maana anaona aibu, na ndiyo maana wengi wao huficha miaka na miaka.

Tena ugonjwa huu hupenda kushika pale ambapo pana thamani. Kwa wakala, namba moja ikikosewa ni hela ya mtu imekwenda. Hofu yake ina mzizi wa kweli, na ndiyo maana watu walichelewa kuiona: mwanzoni walimsifu kwamba ni mwangalifu. Tofauti ni hii. Wakala mwangalifu anahesabu mara mbili, anamsomea mteja namba mara moja, anaandika kwenye daftari, amemaliza. Uangalifu una mwisho. Huu wa mumeo hauna mwisho, na asipofanya hawezi kupumua. Waislamu wamekuwa na jina lake tangu zamani, wasiwasi wa udhu: mtu anatia udhu, anaona sehemu fulani haikupata maji, anaanza upya, mpaka jamaa wanatoa salamu yeye bado yuko bombani. Al-Balkhi, tabibu na mwanazuoni aliyezaliwa karne ya 9, aliyaeleza mawazo ya namna hii kama maradhi yenye tiba. Kwa hiyo ukiambiwa ni ugonjwa wa kisasa wa Wazungu, usikubali.

Sasa hela, maana ndilo swali lako, na ni swali la haki. Kabla ya kuuliza tiba ni shilingi ngapi, tuhesabu ugonjwa ni shilingi ngapi. Nimechukua hesabu zako mwenyewe, sijaongeza kitu.

Maji: madumu matano kwa 500 kwa siku 30, ni 75,000. Sabuni 15,000. Bodaboda za kufuli, safari tatu kwa wiki, ni 48,000 kwa mwezi. Kamisheni iliyopotea, 200,000. Faida ya chakula chako, 5,000 kwa siku 26 za kazi, ni 130,000. Jumla ni 468,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 5,616,000. Sasa rudi kwenye kamisheni yake ya zamani, 450,000 kwa mwezi, yaani 5,400,000 kwa mwaka. Maana yake kaya yenu kila mwaka inaulipa ugonjwa huu zaidi ya kamisheni yote ambayo mumeo alikuwa akiingiza alipokuwa mzima. Mnaulipa kidogo kidogo, dumu kwa dumu, ndiyo maana hamuuoni. Laki nne za mganga mnazikumbuka kwa sababu zilitoka siku moja.

Ona pia mahali hela inapotokea. Maji, sabuni na bodaboda, vile vinavyoonekana na vinavyoleta ugomvi ndani ya nyumba, vyote pamoja ni 138,000. Zilizobaki, 330,000, ni saa: zake ambazo hahudumii wateja, na zako ambazo hupiki. Katika hii kazi nimezungumza na familia nyingi, na karibu zote hugombania maji na sabuni. Saa hazigombaniwi kwa kuwa hakuna anayezitolea risiti.

Na kuna vitu sikuviweka kwenye jumla. Riba ya kausha damu sijaiweka, kwa kuwa hukunitajia kiasi, lakini mkopo wa kila wiki kwa ajili ya floti ni shimo lingine ambalo limechimbwa na ugonjwa huohuo: wateja wamepungua, mzunguko umepungua, floti imekaa, deni linatembea. Sijaweka mikono iliyopasuka. Sijaweka mtoto anayekaa macho saa nne usiku akisubiri baba arudi kutoka kwenye kufuli. Sijaweka kwamba anayemsaidia mgonjwa naye anachoka, na mama lishe aliyechoka hupoteza wateja wake polepole bila mtu kusema ni kwa nini.

Nchi zilizojaribu kuhesabu zilikuta sura ileile ya daftari lako. Marekani ilikadiriwa kwamba mwaka 1990 ugonjwa huu uligharimu dola bilioni 8.4. Kati ya hizo, bilioni 6.2, karibu robo tatu, zilikuwa nguvukazi iliyopotea, siyo hospitali wala dawa. Na hiyo ni nchi ambayo hospitali zake ni ghali kupindukia! Uchambuzi wa Uingereza uliochapishwa 2023 ulikuta huduma ya afya ya taifa inatumia takriban pauni milioni 378 kwa mwaka kwa ajili ya wagonjwa hawa, huku hasara kwa jamii nzima ikifika takriban pauni bilioni 5. Zaidi ya mara kumi. Mtu anayepunguza matumizi ya tiba ili kuokoa hela anabana tundu la sindano huku ndoo ikivuja chini.

Kwa nini saa zinakuwa nyingi hivyo? Utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa Marekani ulikuta kwamba mgonjwa wa aina hii kwa wastani hukaa karibu saa sita kwa siku ndani ya mawazo hayo, na zaidi ya saa nne na nusu akitekeleza vitendo. Hiyo ni zamu nzima ya kazi, na siku saba kwa wiki, bila likizo. Tena huanza mapema. Wengi huanza wakiwa vijana chini ya miaka 20, wakati mtu anasoma au anajifunza kazi, na kati ya dalili za kwanza na tiba sahihi mara nyingi hupita miaka zaidi ya kumi. Mume wako ana miaka mitatu ya kuonekana. Muulize kwa upole kama alipokuwa shule hakuwa akifuta na kuandika upya mstari uleule. Ningeshangaa akisema hapana.

Nakumbuka kijana wa upande wa Kondoa aliyekuwa chuo. Ukurasa mmoja wa kitabu ulimchukua asubuhi nzima kwa sababu kila akifika mwisho wazo linamwambia hujaelewa neno la tatu, rudi. Alirudia mwaka, akarudia tena, akaacha. Baba yake alikuwa ameuza alizeti ya misimu miwili kumlipia ada. Huyo hakuwa amegusa maji wala sabuni, mikono yake ilikuwa laini kabisa, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya mumeo. Alipoanza tiba alikuwa na miaka 27. Sasa anafanya kazi, lakini ile alizeti haikurudi.

Ukitaka kujua ukubwa wake hapa mjini, Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 katika Sensa ya 2022. Katika nchi zilizopima, takriban mtu mzima mmoja katika mia huwa na ugonjwa huu ndani ya mwaka mmoja. Toa watoto, punguza kadiri unavyotaka kupunguza, bado unabaki na watu wa kuhesabiwa kwa maelfu kati ya Nzuguni na Nala. Hawako kliniki. Wako kwenye vibanda, maofisini Mtumba wakisoma barua moja mara ishirini kabla ya kuituma, mashambani Hombolo wakikagua zabibu, jikoni wakizima gesi ambayo imeshazimwa. Mwajiri anaona mtu mzito wa kazi. Jirani anaona mtu wa kujisikia. Halmashauri haioni kitu, ila kodi ya kibanda kilichofungwa ndiyo inakosekana.

Na Dodoma ina shauri lake la maji. Mji huu ni mkavu, visima vya Mzakwe vimebebeshwa watu wengi kuliko vilivyopangiwa, na tangu serikali ihamie mgao umekuwa wimbo. Kunawa kwa mtu wa Tukuyu ni kufungua bomba. Kunawa kwa mtu wa Nkuhungu ni kutoa 500. Mwaka 2020, zile ndoo za kunawia zilipowekwa kila mlango kwa ajili ya Uviko, wagonjwa wangu walikuwa na kipindi kigumu kuliko chochote nilichokiona: kila tangazo la redio lilikuwa linaupa ugonjwa wao kibali.

Nije kwenye jina la Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, na kwa karibu miaka mia jina lake limekuwa tusi. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Najua ndugu zako wanaogopa nini, na sitasema hofu yao ni ujinga, kwa kuwa biashara ya uwakala inasimama juu ya kuaminiwa. Lakini mtu wa namna ya mumeo kwa kawaida halazwi. Ataenda kliniki ya wagonjwa wa nje, atakaa kwenye benchi, ataongea na daktari au mwanasaikolojia, atapewa dawa au tarehe, atarudi nyumbani mchana. Kama bado lango lenyewe linawashinda, hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na hapo hakuna anayejua kama umekwenda kwa shinikizo la damu au kwa nini. Ninachokataa ni ile tabia ya kupanda treni kwenda Dar es Salaam kumtafuta daktari wa kulipia ili mtaani wasijue, wakati wa Dar wenye kesi ngumu wanaletwa huku. Nauli hiyo ni kodi ya aibu, na kila tarehe ya kurudi mnailipa upya.

Kisha msishangae kwamba wateja wameshajua. Mteja aliyesimama dakika kumi akihesabiwa elfu thelathini yake mara nane hahitaji kuambiwa kitu. Amehamia kibanda cha pili.

Tiba iko ya namna mbili, na mara nyingi zinakwenda pamoja.

Ya kwanza ni ya mazungumzo na mazoezi. Mgonjwa anakutanishwa na kile anachokiogopa, kwa hatua ndogo alizokubali, kisha anazuia kitendo cha shurti na kukaa na hofu mpaka ishuke yenyewe. Nayo hushuka. Hicho ndicho ubongo wake haujawahi kupewa nafasi ya kukijua. Njia hii ilianzia kwa Victor Meyer, London, mwaka 1966. Mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwa wa kunawa, na wauguzi walifunga bomba la chumbani kwake. Nikiwasimulia wenyeji hapa huwa wanacheka: kumbe mgao wetu ni tiba! Siyo, kwa kuwa bomba likikauka mtu ananunua dumu, na hofu inapata njia yake. Kilichomponya yule mgonjwa ni kwamba alikaa na hofu bila njia ya kuikimbia, huku mtu anayejua anachofanya yuko pembeni yake. Kwa kawaida huchukua vikao kumi na mbili hadi ishirini, na kazi kubwa hufanyika nyumbani, katikati ya vikao. Gharama yake kubwa, tena, ni saa na nauli. Wataalamu waliosomea njia hii hasa ni wachache, hilo ni kweli, ila muuguzi wa afya ya akili aliyeielewa anaweza kumwongoza mtu vizuri sana. Uliza kwa jina la kazi: mazoezi ya kukabili hofu na kuzuia kurudia.

Ya pili ni dawa. Fluoksetini, setralini na wenzake, na ile ya zamani zaidi, klomipramini. Hizi siyo dawa za kumlaza mtu. Fluoksetini iko sokoni tangu miaka ya 1980, hataza yake Marekani, yaani haki ya kampuni moja kuiuza peke yake, iliisha 2001, na tangu hapo viwanda vingi duniani vinaitengeneza kwa bei ya chini. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni vidonge vya kawaida. Tatizo lake kubwa kwetu ni subira. Kwa ugonjwa huu mara nyingi huhitajika dozi ya juu kuliko ile ya sonona, na nafuu ya kweli hupimwa baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Watu wetu hukata wiki ya tatu, wanasema haifanyi kazi, na hapo ndipo hela hutupwa kweli. Siku za mwanzo anaweza kupata kichefuchefu, usingizi ukayumba, tumbo likasumbua, na mara nyingi hupungua. Nyingine naisema waziwazi kwa kuwa wanaume huacha dawa kimyakimya kwa ajili yake: hamu au uwezo wa tendo la ndoa unaweza kupungua. Amwambie daktari, dozi au dawa hubadilishwa. Asiache ghafla. Akipata nafuu, ataendelea nayo angalau mwaka mmoja, kwa sababu anayeacha mapema mara nyingi hurudi alipokuwa. Na akianza kuzungumzia kufa, wiki za mwanzo au wakati wowote, hiyo ni ya kwenda hospitali siku ileile, msingoje tarehe.

Dukani wasimuuzie diazepamu. Itampa usingizi na mazoea, na kufuli litamsubiri asubuhi.

Je, inalipa? Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa kwa njia hizi hupata nafuu inayoonekana. Wengi hawaponi kabisa, wanabaki na chembe ambayo wanaimudu. Sasa chukua makadirio ya mtu mwoga: tuseme anapata nafuu ya nusu tu. Nusu ya 468,000 ni 234,000 kwa mwezi zinazobaki mfukoni mwenu. Chukua bei ya vidonge utakayoambiwa dirishani, ongeza nauli ya daladala kutoka Nkuhungu, ongeza siku ya kibanda kufungwa kwa ajili ya kliniki, ulinganishe mwenyewe. Mimi nimelinganisha kwa familia nyingi na sijakutana na moja ambayo ugonjwa ulikuwa wa bei rahisi kuliko tiba.

Kama mna kadi ya bima ya afya, nendeni nayo na muulize mapema dawa zipi zimo. Kama hamna, kabla ya kukopa pitieni dawati la ustawi wa jamii la hospitali. Wapo kwa ajili ya wasioweza kulipa, na kwenda kwao siyo kuomba. Kwa wasomaji wengine wenye ajira: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari, na haikusema magonjwa ya kichwani hayamo. Mumeo amejiajiri, haimhusu, lakini najua mko wengi mnaosoma.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Katika ile 468,000, kuna 130,000 ambayo wewe mwenyewe unaitoa, tena kwa upendo, na inaulisha ugonjwa. Unapokwenda kumhesabia, hofu yake inashuka bila yeye kuishinda. Kesho inahitaji tena mkono wako. Karibu kila familia hufanya hivi: mke anahakikisha mlango, mtoto anajibu "ndiyo baba, umefunga" mara kumi na mbili, mama mkwe anabadilisha shuka kila siku. Nimeona nyumba nzima imegeuka kuwa ofisi ya mgonjwa.

Usiache siku moja. Ukikata ghafla mtagombana na yeye atazama. Kaeni siku ambayo ametulia, Jumapili labda, mkubaliane kitu kimoja tu kwa wiki. Kwa mfano: noti zinahesabiwa mara tatu mbele ya mteja, siyo zaidi, na simu ya kumwuliza mteja haipigwi. Akikuuliza "una hakika?", unamjibu mara moja, na ya pili unamwambia kwa upole, "Hilo swali ni la ugonjwa, baba Neema, tulikubaliana silijibu." Wiki inayofuata mara mbili. Kufuli liwe la mwisho maana ndilo linalomtisha zaidi, na msilipige picha ya simu ili aiangalie usiku, kwani picha nayo itakuwa kufuli. Wewe rudisha dakika ishirini kwa genge lako wiki ya kwanza, nusu saa wiki ya tatu. Ukifika saa kumi kamili, hiyo ni hela ya kwanza ya tiba na imetoka mfukoni mwa ugonjwa. Atakasirika mara kadhaa. Hasira hiyo ni hofu iliyokosa mahali pa kwenda.

Kuhusu mganga na maombi. Sala haijawahi kugongana na kidonge, aendelee. Wakwe nao usiwagombeze, walikwenda walikokujua na walitoa walichokuwa nacho. Ila waelezeni hesabu hii mbele ya mumeo, kwa shilingi, kama nilivyokuandikia. Wazee wetu wa Kigogo wanaelewa mifugo kuliko maneno yangu ya kliniki: ng'ombe anayekamuliwa na mgeni kila siku, hata maziwa yakiwa kikombe, mwisho wa mwaka ni mtungi.

Kausha damu muanze kuilipa kabla ya chochote kingine kinachoweza kungoja, na msiongeze floti kwa mkopo mpaka kamisheni ianze kupanda. Kama uko kwenye kikoba, kopa huko ukafunge lile deni. Kikoba kina riba ya kibinadamu na akina mama wanaokujua.

Siku ya kliniki nendeni wote wawili, mapema, na daftari. Kwa siku saba kabla, andika kila siku vitu vitatu tu: mara ngapi alirudi kwenye kufuli, madumu mangapi, na saa ngapi kibanda kilifungwa. Usimwandikie kwa siri, aandike na yeye, ataona mwenyewe. Daktari atauliza maswali yapatayo kumi yenye alama, jumla yake ni 40, ili ajue alipo leo na mpime tena baada ya miezi mitatu. Mwambie ajibu kama ilivyo, asijipunguzie kwa aibu. Mwambieni pia dawa za mganga alizokunywa, zote.

Na yule mbuzi wa pili msimtoe. Muuzeni mnadani Msalato, ndiye nauli ya kliniki.